Gari Tupu Hutangulia

Katika viwanja vya starehe vya nchi za viwanda kuna mtambo ambao Kiswahili bado hakijaupa jina la kwake, nasi hapa tutauita rolakosta, kama wauitavyo wenyewe. Ni reli ya chuma iliyoinuliwa juu ya nguzo, ikapindwa huku na huku, ikapanda, ikatumbukia, na pengine ikajiviringa hata abiria akawa kichwa chini miguu juu. Juu ya reli hiyo hupita gari lisilo na injini. Watu hupanga foleni saa nzima, jua au mvua, ili watishwe kwa dakika mbili au tatu. Hupiga mayowe, hushuka miguu ikiwatetemeka, na wengine hugeuka papo hapo kwenda kushika mkia wa foleni tena. Msomaji atasema ni watu waliokosa la kufanya na fedha zao. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, nyuma ya mchezo huo pana kazi kubwa ya mafundi, na ndani ya kazi hiyo limo jambo linalomhusu kila mzazi na kila mtu ambaye riziki yake inapita kwenye mashine.

Basi Jumapili hii tuufuate mtambo mmoja tangu siku za shimo la msingi hadi siku ya abiria wa kwanza, na mbele kidogo ya hapo. Jina lake ni The Smiler, yaani mwenye kutabasamu, na upo Alton Towers, katika jimbo la Staffordshire nchini Uingereza. Habari zake zimeandikwa wazi, baadhi yake katika kumbukumbu za mahakama, kwa hiyo hatutahitaji kubahatisha.

Kwanza tuelewe jinsi gari lisilo na injini linavyokwenda. Mnyororo wenye mota hulikamata gari kwa chini na kulivuta hadi kileleni. Huko juu mnyororo huliachia, na tangu hapo hadi mwisho wa safari ni uzito wa gari lenyewe ndio unaolipeleka. Mwendo wote litakaoupata ni ule lililoukopa katika kupandishwa. Kitu kilichoachiwa kutoka kimo cha mita 30 hufika chini kikiwa na mwendo wa kama kilometa 87 kwa saa, ikiwa hakuna kinachokizuia. Smiler ina kimo cha mita 30, na mwendo wake mkubwa ni kilometa 85 kwa saa. Kila mlima unaofuata hulipunguzia gari mwendo huo, na kila kona, kila gurudumu linalosuguana na reli, kila pigo la upepo huchukua kidogo kisichorudishwa. Mhandisi wa rolakosta, kwa hiyo, ni kama mama mwenye mshahara mmoja wa kufikisha mwisho wa mwezi. Hana budi kujua kila senti inakwenda wapi, maana ikiisha njiani, gari husimama hapo lilipo, na huenda hapo ni bondeni, mbali na kituo.

Smiler ilikuwa na kituko chake cha kujivunia. Ilipofunguliwa mwaka 2013 iliweka rekodi ya dunia kwa kumpindua abiria kichwa chini mara 14 katika safari moja, juu ya reli yenye urefu wa mita 1,170. Rekodi ya aina hiyo haikuwezekana zamani, wala si kwa sababu watu wa zamani hawakujaribu. Mwaka 1895, katika Coney Island huko New York, ilijengwa rolakosta iliyoitwa Flip Flap Railway yenye mzunguko mmoja wa wima. Mzunguko wenyewe ulikuwa duara kamili, na hilo ndilo lililowaumiza watu. Gari linaloingia kwenye duara kamili, likiwa na mwendo unaotosha tu kuvuka upande wa juu bila kuanguka, humkandamiza abiria pale chini kwa nguvu ya mara sita ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 hujiona ghafla ana kilo 360, na shingo yake ndiyo inayobeba kichwa kilichogeuka kuwa jiwe. Abiria walishuka wakilalamikia shingo na migongo, na mtambo haukudumu.

Dawa ilikuja kupatikana Ujerumani. Anton Schwarzkopf, fundi na mwenye kiwanda, akishirikiana na mhandisi Werner Stengel, aliacha duara na kuchora umbo la tone la maji: chini pana, juu jembamba. Gari huingia polepole katika mkunjo mpana, nao mkunjo unazidi kukaza kadiri gari linavyopanda na kupungukiwa na mwendo. Abiria hukandamizwa, lakini kwa kadiri inayovumilika, wala si kwa pigo moja. Rolakosta yao ya mwaka 1976 katika kiwanja cha Magic Mountain, California, ndiyo iliyourudisha mzunguko wa wima katika matumizi ya watu wote. Kiwanda kilichoitengeneza Smiler ni mjukuu wa kazi hiyo. Kinaitwa Gerstlauer, kipo Münsterhausen katika Bavaria, na mwanzilishi wake, Hubert Gerstlauer, alipata kufanya kazi kwa Schwarzkopf.

Tuje kwenye ujenzi. Alton Towers ni shamba la kale la mabwana, lenye magofu ya jumba na bustani zake, na wenye kiwanja hawaruhusiwi kujenga kitu kitakachochomoza juu ya miti na kuharibu sura ya mahali. Wakatafuta njia nyingine: wasipoweza kupanda juu, huchimba chini. Mwaka 1994 walikuwa wamekwisha kufanya hivyo kwa rolakosta yao iitwayo Nemesis, iliyopitishwa ndani ya mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba. Smiler nayo ilichimbiwa shimo. Kwa mtu anayelitazama kutoka ukingoni, linaonekana kama sufuria kubwa iliyojaa tambi za chuma.

Msingi ndio sehemu isiyopigwa picha, nayo ndiyo yenye kubeba kila kitu. Kila nguzo husimama juu ya bonge la zege lenye nondo, na katika zege hilo hupandwa bolti ndefu zitakazoshika kitako cha nguzo. Nguzo zikikosea mahali pake kwa kiasi kidogo tu, hasara yake itaonekana juu kabisa, reli itakapokataa kukutana na reli mwenzake. Reli zenyewe haziundwi kiwanjani. Ni mabomba ya chuma yaliyopindwa kiwandani kwa vipimo vilivyotolewa na kompyuta, yakachomelewa, yakapakwa rangi, na kusafirishwa vipande vipande, kila kipande na namba yake. Kreni huinua kipande, mafundi waliojifunga mikanda ya usalama hukipokea juu, hulinganisha matundu, hupitisha bolti, kisha huzikaza kwa spana yenye kipimo, maana bolti iliyolegea ni hatari na bolti iliyokazwa kupita kiasi nayo ni hatari. Penye mshono wa kuchomelea, wakaguzi hupitisha vyombo vya mawimbi ya sauti na unga wa sumaku kutafuta nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Kazi hii haina haraka, na mwenye kuiharakisha hapaswi kuwa karibu nayo.

Reli ikikamilika, mtu angedhani sasa ni kupanda tu. La. Hapa ndipo shughuli inapoanza.

Gari la kwanza huvutwa polepole sana katika njia nzima, likiwa limefungwa fremu pana inayofuata urefu wa mikono na miguu ya binadamu aliyeinyoosha yote. Fremu ikigusa nguzo, ukuta au tawi, nguzo hiyo, ukuta huo au tawi hilo lingekata mkono wa mtu. Baada ya hapo gari hupandishwa kileleni na kuachiwa, likiwa tupu. Mafundi husimama chini wakitazama saa, kwa sababu muda unaotumika kutoka kituo hiki hadi kile ndio unaosema kama gari linakwenda kama lilivyohesabiwa. Kisha viti hujaliwa abiria wasio na roho: viwiliwili vya plastiki vilivyojazwa maji, au magunia ya mchanga, yenye uzito wa watu wazima. Vyombo hufungwa kwenye viti kupima nguvu zinazomkandamiza abiria, zinazomnyanyua na zinazomsukuma ubavuni. Safari hurudiwa na kurudiwa, asubuhi kukiwa na baridi na mchana kukiwa na joto, pakiwa pakavu na pakiwa na mvua. Breki hujaribiwa. Umeme hukatwa makusudi, ionekane kama gari litasimama salama.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulidhania kinyume. Wengi wetu tungesema kwamba gari tupu, kwa kuwa ni jepesi, ndilo litakalokwenda mbio. Sivyo. Gari lililojaa ndilo lenye mbio zaidi. Angusha nazi na kuti kutoka mnazi mmoja, utaona lipi linafika kwanza: hewa hulichezea kuti, lakini nazi haina habari na hewa. Gari lenye watu 16 hupasua upepo kwa uzito wake, ilhali gari tupu hukutana na upepo uleule likiwa na uzito mdogo wa kupambana nao. Hivyo basi gari tupu, siku ya baridi, magurudumu yakiwa hayajapata joto na upepo ukivuma kutoka mbele, ndilo linaloweza kuishiwa nguvu na kukwama njiani. Naomba msomaji aliweke jambo hili kichwani, maana tutalihitaji mbele.

Jaribio la pili kwa ukubwa ni la akili ya mtambo. Smiler ilijengwa kuendesha magari matano, kila moja likiwa na viti vya watu 16, na zaidi ya gari moja huwa njiani kwa wakati mmoja. Ili yasigongane, njia imegawanywa katika vipande, na kanuni ni ileile tuijuayo katika reli ya treni ya njia moja: kipande kimoja, gari moja. Vitambuzi vilivyo kando ya reli huiambia kompyuta kwamba gari limeingia kipande hiki na limetoka kile. Kama gari la mbele halijatoka, gari la nyuma huzuiwa, ama kwa breki, ama kwa kusimamishwa likiwa bado juu ya mnyororo. Kompyuta haina huruma wala haraka. Haijui kuwa foleni ni ndefu, wala haijui kuwa watu wamelipa kiingilio. Inajua tu kwamba vitambuzi vimehesabu gari likiingia na havijahesabu likitoka.

Baada ya magunia huja watu: kwanza mafundi na wakaguzi wenyewe, kisha wafanyakazi wa kiwanja. Kwa utaratibu wa Uingereza, muundo wa mtambo hupitiwa kwanza kwenye karatasi, mtambo hujaribiwa kabla ya kutumika, na baada ya hapo hukaguliwa kila mwaka na wakaguzi wasiotegemea mshahara wa kiwanja. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mafundi huukagua mtambo na kuzungusha magari yakiwa matupu.

Nisimame kidogo hapa niseme na wazazi, kwani najua wako watakaosema kwamba habari za Staffordshire haziwahusu. Penye bembea za sikukuu, zile zinazofungwa haraka viwanjani siku ya Idi au Krismasi, watoto wetu hupandishwa juu ya vyuma vinavyozunguka. Si vibaya mzazi akasimama dakika tano kabla ya kutoa fedha. Aangalie kama mwendeshaji huzungusha mtambo wake mtupu kwanza. Aangalie kama kizuizi cha kiti kinafungwa na mwendeshaji mwenyewe au kinaachiwa mtoto ajifungie. Aangalie kama mwendeshaji anatazama mtambo wake au anapiga soga. Na akiambiwa kwamba mtoto wake ni mfupi mno, asigombe. Pale Smiler, asiyefikia mita 1.4 harudi nyumbani akiwa ameipanda hata alie namna gani. Kizuizi kinachoshuka mabegani kimetengenezwa kwa kiwiliwili cha ukubwa fulani, na mtoto aliye chini ya hapo huweza kuponyoka. Hakuna anayemdharau mtoto wa mtu. Kimo ni sehemu ya mashine, kama bolti.

Turudi kwenye Smiler. Ilikusudiwa ifunguliwe Machi 2013. Ilichelewa, ikapangiwa siku nyingine, ikachelewa tena, na wapenzi wa mitambo hiyo wakanung'unika. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei. Mimi sina ugomvi na kuchelewa kwa namna hiyo. Fundi anayesema hatujawa tayari huku tangazo la ufunguzi limekwisha kubandikwa ukutani anahitaji moyo mgumu kuliko abiria wote wa siku ya kwanza.

Kufunguliwa hakukuumaliza utundu wake. Julai mwaka huohuo ilifungwa kwa siku kadhaa baada ya vipande viwili vya reli kuonekana vimeachana. Novemba magurudumu madogo yalichomoka na kuwapiga abiria wa mbele, ingawa hawakuumia sana. Kila mara ilitengenezwa, ikakaguliwa, ikafunguliwa tena. Mtambo wa namna hiyo, kwa kweli, hauachi kujaribiwa kwa sababu tu umekatiwa utepe.

Kisha ikafika tarehe 2 Juni 2015, siku ya Jumanne.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Mahakamani ilikuja kuelezwa kuwa ulizidi kiwango ambacho mtengenezaji alikuwa ameshauri mtambo usiendeshwe. Watu walikuwa wengi, na gari la tano lilikuwa limeongezwa kwenye njia. Mtambo ulipata hitilafu, mafundi wakaitwa, wakaishughulikia. Kabla ya kurudisha abiria, walifanya kama inavyotakiwa: walituma gari tupu litangulie.

Gari tupu halikurudi. Lilipanda, likashuka, likaingia katika mizunguko, na upepo ukalimaliza. Lilikwama bondeni, mahali ambapo mafundi waliokuwa kwenye kazi hawakuliona. Kwa maneno mengine, jaribio lilifanya kazi yake barabara. Lilitoa jibu, na jibu lilikuwa: leo haifai.

Wakati huo gari lingine lenye abiria 16 lilikuwa limekwisha kuondoka kituoni. Kompyuta nayo ilifanya kazi yake. Vitambuzi havikuwa vimehesabu gari tupu likitoka katika kipande chake, basi kompyuta ikalisimamisha lile lenye watu juu ya mlima wa kwanza, na likakaa hapo kwa dakika kadhaa, abiria wakitazama mandhari na kufanyiana mzaha. Mafundi waliokuwa chini hawakuona gari lililokwama. Walidhani kwamba magari yote yamo mahali pake na kwamba kompyuta imekosea. Wakaondoa kizuizi kwa mkono, na mnyororo ukaanza kuvuta.

Waliokuwa katika viti vya mbele ndio walioliona gari tupu kwanza. Hapakuwa na breki ya kushika wala mahali pa kukimbilia. Upande wa mashtaka uliilinganisha nguvu ya mgongano huo na ile ya gari dogo la familia, lenye uzito wa kilo 1,500, likigonga kwa mwendo wa kama kilometa 145 kwa saa. Wote 16 waliumia, watano wakiwa na majeraha makubwa. Wasichana wawili kila mmoja alipoteza mguu. Gari lilibaki limeinama juu hewani, kama mita 6 kutoka ardhini, mahali pasipofikika kwa urahisi. Zilipita zaidi ya dakika kumi kabla simu ya kuomba msaada wa dharura haijapigwa, na waliobanwa vibaya walikaa humo saa nne na zaidi huku waokoaji wakijenga jukwaa la kuwafikia na madaktari wakiwahudumia humohumo vitini.

Katika mambo kama haya, watu wengi hukimbilia kuuliza ni fundi gani aliyebonyeza. Swali hilo ni rahisi, na wakubwa wa kazi hulipenda, kwa kuwa hulimaliza jambo katika ngazi ya chini kabisa. Kwa bahati njema, wachunguzi wa idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini hawakuridhika nalo. Waliuliza mafundi hao walikuwa wameandikiwa nini. Je, palikuwa na utaratibu ulioandikwa unaosema kwamba mtambo ukisimama wenyewe, nani achunguze, nani ahesabu magari kwa macho yake, nani atoe amri ya kuendelea? Je, mafundi walijua mwisho wa upepo unaoruhusiwa? Je, kulikuwa na mtu mmoja anayeishika picha nzima, wakati wenzake wako huku na huku, kila mmoja akijua kipande chake? Majibu hayakuwa mazuri. Idara hiyo ilisema wazi kwamba kosa la msingi halikuwa uzembe wa mtu mmoja mmoja siku ile, bali kukosekana kwa mfumo wa kazi uliofikiriwa na kupangwa. Hakuna fundi aliyeshtakiwa. Iliyosimama kizimbani ni kampuni, Merlin Attractions Operations, nayo ilikiri kosa. Tarehe 27 Septemba 2016, mahakama ya Stafford iliitoza faini ya pauni milioni 5.

Msomaji anayefanya kazi kiwandani, gatini au karakana ya reli ataielewa habari hii upesi kuliko mwanasheria. Anajua ile saa ambayo kengele inalia kila mara, hata watu wakaizoea na kuiita kengele ya uwongo. Anajua msimamizi anayesimama mlangoni akitazama saa yake bila kusema neno. Anajua jinsi wanne wanavyoweza kuizunguka mashine moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekwisha kuangalia upande wa pili. Mashine ikikataa kwenda, jambo la kwanza linalomjia mtu aliyechoka ni kwamba mashine imekosea. Mara nyingi huwa kweli imekosea, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mara kumi ulizoizima bila madhara hazikufundishi lo lote kuhusu mara ya kumi na moja.

Na mtego huo hauvunjwi kwa kuwaambia watu wawe waangalifu. Waangalifu walikuwepo. Unavunjwa kwa vitu vidogo vya karatasi na funguo: fomu inayotaka idadi ya magari iandikwe baada ya kuhesabiwa kwa macho, ufunguo ambao hauwezi kugeuzwa na mtu mmoja peke yake, kipimo cha upepo kilicho mbele ya mwendeshaji na si katika ofisi ya mbali, na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema twende. Ni vitu visivyo na gharama ukivilinganisha na pauni milioni 18 zilizotumika kuujenga mtambo. Havipigiwi matangazo wala havivunji rekodi ya dunia.

Smiler ilibaki imefungwa tangu siku ile ya Juni hadi tarehe 19 Machi 2016. Ilipofunguliwa, foleni ilikuwa ndefu kama zamani, na miongoni mwa waliopanga wamo waliosema kuwa hakuna mtambo ulio salama kuliko ule uliokwisha kuleta maafa, kwa kuwa sasa kila mtu anautazama. Faini ilikwenda katika hazina ya serikali, kama faini zote za mahakama huko. Fidia za majeruhi zilifuatiliwa kwa madai mengine. Kampuni nayo ilikuwa imetangaza kuongeza hatua nyingine za ulinzi kabla ya mtambo uliosimama kuruhusiwa kuendelea.